Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya SACCOS yetu

YAH: KUNUNUA HISA ZA KASINO INAYOJENGWA NJE YA NCHI

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

Naandika kama mwanachama anayekatwa mshahara kila mwezi, na naandika hadharani kwa kuwa fedha inayozungumzwa ni yetu sote. Bodi inataka mkutano mkuu uidhinishe sehemu ya akiba inunue hisa za hoteli na kasino ambayo hadi sasa ipo kwenye michoro tu. Mimi napinga.

Wakala aliyeleta wazo hili anasema kasino haipati hasara. Mezani ni kweli. Ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, yenye namba 37 humlipa aliyepatia namba moja 35 kwa 1 na kumrudishia dau lake, yaani 36 badala ya 37, na pengo hilo humwachia mwenye meza wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Lakini lazima kwanza watu waje kucheza. Wasipokuja, riba, umeme na mishahara hudaiwa vilevile.

Tazama hoteli na kasino ya Revel, Atlantic City, Marekani. Mwaka 2010, jengo likiwa bado halijakamilika, benki ya Morgan Stanley iliamua kujitoa ikikubali hasara ya karibu dola bilioni 1. Hao ni watu wenye wachambuzi na wanasheria wao wenyewe. Ujenzi uliendelea hadi ukagharimu dola bilioni 2.4, milango ikafunguliwa Aprili 2012. Wakati huo wateja wa mji ule walishaanza kubaki kwao, maana jimbo jirani la Pennsylvania lilikuwa na kasino zake tangu 2006. Mwaka 2013 Revel ilikimbilia mahakama ya ufilisi, na wakopeshaji wakageuza sehemu kubwa ya deni kuwa umiliki wao. Mwaka 2014 ikarudi mahakamani tena, na Septemba ikafungwa. Mwaka uliofuata jengo liliuzwa dola milioni 82. Kasino yenyewe haikuwa imetimiza hata miaka mitatu.

Saipan, kisiwa kilicho chini ya Marekani katika Pasifiki, kampuni ya Imperial Pacific ilipewa leseni ya kasino mwaka 2014. Ilifunga milango wakati wa korona mwaka 2020 na haikufungua tena. Leseni ikasimamishwa 2021, na 2024 kampuni ikaomba ufilisi. Hisa zake zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la Hong Kong, kwa hiyo kusajiliwa sokoni pekee kusitutulize.

Kinachoniuma zaidi ni nafasi yetu kwenye foleni. Mradi ukianguka, wakopeshaji walioshika mali kama dhamana hulipwa kwanza, wadai wengine hufuata, wenye hisa huja mwisho, mara nyingi hakuna kilichobaki. Na fedha hiyo ndiyo mwanachama anayoikopa Januari kulipa ada ya mtoto, au usiku mgonjwa anapolazwa. Haina ziada ya kubahatisha.

Bodi ikiona bado inafaa, ituonyeshe leseni yenyewe, jina la mkopeshaji na anachodai, namna ya kuuza hisa hizo tukitaka kutoka, na kamisheni anayopata wakala. Ieleze pia kama Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Benki Kuu zimeulizwa. Nyaraka hizo zitufikie kabla ya siku ya mkutano, tusigawiwe mlangoni, na kura ipigwe kwa siri.

Wako katika ushirika,
Mwanachama