Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Louisville wanaobishana juu ya ile misimu miwili

Wanangu wa Louisville, ninyi mnaovaa jezi nyekundu na kubishana kwa Kiswahili,

Salamu kwenu na kwa wazazi wenu. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu msimu ulipokwisha Machi 2025, nikidhani litapita lenyewe. Halikupita. Juzi kwenye sherehe ya mahafali ya mwenzenu niliwasikia nyuma ya meza ya wazee mkirudia ubishi uleule: nani aliiharibu timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Louisville kati ya 2022 na 2024. Kubishana sina tatizo nako. Kilichonikata maini ni pale mmoja wenu alipotoa simu akaanza kuwasomea wenzake matusi aliyomwandikia mchezaji usiku wa kufungwa, mchezaji wa miaka kumi na tisa, nanyi mkacheka hadi mkashika mbavu. Mama wa mwenye sherehe alikuwa anapita na sinia la sambusa. Alisikia sentensi moja tu, akasimama. Hamkumwona. Mimi nilimwona, na uso wake ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kwanza tuweke hesabu mezani, maana wengi wenu mnapiga kelele na hesabu hamna. Msimu wa 2022/23 timu ilishinda michezo 4, ikafungwa 28. Uliofuata ikashinda 8, ikafungwa 24. Jumla ni ushindi 12 na vipigo 52, kwa chuo kilichotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1980 na 1986 chini ya kocha Denny Crum. Hakikuwahi kufungwa mara 28 kwa msimu mmoja. Kwa hiyo sikatai, iliuma. Mji huu hauna timu ya NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa. Hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya mji, na ukumbi wake pale kando ya mto Ohio una viti kama 22,000. Viti hivyo vikiwa vitupu, hata muuza maji wa nje anajua kuna msiba.

Lakini mnakumbuka ulivyoanza? Novemba 2022 michezo mitatu ya kwanza ilipotea kwa pointi moja moja. Bellarmine, chuo cha hapahapa mjini, 67 kwa 66. Wright State, 73 kwa 72. Appalachian State, 61 kwa 60. Huo wa tatu ndio ninaoutaka muutazame upya. Sekunde za mwisho mchezaji wetu El Ellis alipenya na mpira hadi chini ya kikapu, akautia, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Waamuzi wakaenda kutazama marudio, wakarudi wakafuta kikapu: muda ulikuwa umekwisha. Kati ya mkono kuachia mpira na taa kuwaka ni kufumba na kufumbua tu. Kijana yuleyule angekuwa shujaa wenu usiku ule. Badala yake mlimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama zenu watasoma.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kweli. Huko Hawaii walifungwa na Texas Tech 70 kwa 38. Vikafika vipigo tisa mfululizo kabla ya kuifunga Western Kentucky tarehe 14 Desemba. Msimu wa pili haukuanza hata rasmi, tayari wamefungwa mchezo wa kujipima nguvu na Kentucky Wesleyan, chuo cha daraja la pili. Mpira ulikuwa unapotea ovyo, ulinzi unapitika. Hayo semeni. Kocha Kenny Payne alipotambulishwa Machi 2022 tulimpokea kwa furaha, mwana wa chuo hikihiki, mchezaji wa timu bingwa ya 1986, Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu hiyo ya wanaume. Alikuwa analipwa mamilioni ya dola. Mtu anayelipwa mamilioni anapimwa kwa kazi yake, na Machi 2024 akaondolewa. Kocha kujadiliwa ni haki yenu, na mkurugenzi wa michezo pia.

Ila kuna watu waliopaswa kuulizwa nanyi hamkuwauliza. Mwaka 2015 iliibuka habari kwamba mfanyakazi wa timu alikuwa akiwalipa wanawake wawastareheshe vijana bwenini. Mwaka 2017 wapelelezi wa FBI wakaja na kesi ya fedha za kampuni ya viatu, na kocha wa wakati huo, Rick Pitino, akapoteza kazi. Mwaka 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaufuta ubingwa wetu wa 2013, ikawa mara ya kwanza ubingwa wa wanaume kufutwa. Kesi iliyobaki ilining'inia hadi Novemba 2022, siku chache kabla ya huo mchezo na Bellarmine. Miaka yote hiyo, ungekuwa mzazi wa kijana mwenye kipaji, ungempeleka kwenye timu isiyojua itaadhibiwa vipi? Mchuma janga hula na wa kwao. Waliolichuma walikuwa watu wazima wenye ofisi na suti. Waliolila ni vijana ambao mwaka 2015 walikuwa bado watoto.

Sasa nije kwenye matusi, na hapa mnivumilie kwa sababu ndipo penye uchungu wangu.

Mmoja wa waliokuja katikati ya ule msimu wa kwanza, Januari 2023, alikuwa kijana wa Nigeria, Emmanuel Okorafor, aliyetoka kwenye akademia ya NBA kule Senegal. Timu ilikuwa imeshavunjika moyo. Akaingizwa humo katikati ya baridi. Ninyi, zaidi ya mashabiki wengine wote wa mji huu, mnajua maana ya kushuka Louisville mwezi wa Januari. Wengine mlitua na ndala miguuni na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, mkononi, mkatoka nje ya mlango wa uwanja wa ndege mkadhani pua zinakatika. Mnajua kukaa darasani miezi bila kuelewa anachosema mwalimu, na wenzako wanakucheka matamshi. Niliposikia kijana wetu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akimwambia Mwafrika mwenzake kwa maandishi “rudi kwenu”, nilikosa usingizi. Neno lile aliambiwa yeye mwenyewe kwenye basi la shule. Alilia kwa mama yake. Mama yake ndiye aliyenieleza.

Mtoto wa mtu akikosa mitupo miwili huru, amekosa mitupo miwili huru. Hajakuibia. Hajamtukana mzazi wako. Amesimama peke yake mbele ya maelfu, mkono umetetemeka, mpira umegonga chuma. Baadaye anaingia chumbani kwake bwenini, anawasha simu, anakuta watu mia wasiomjua wanamtakia kifo. Wewe ulikuwa mmoja wao. Usiniambie “Mzee, ni utani wa mpira.” Utani una mtani wake. Sisi tumelelewa kwenye utani wa makabila na wa ukoo, na mtani wako ni yule anayekujua, anayeweza kukurudishia, na siku ya msiba wako yupo wa kwanza kubeba jeneza. Yule kijana hakujui.

Na tuseme ukweli ambao wengi mnauficha: hasira ile mara nyingi haikuwa ya timu. Ilikuwa ya mkeka. Septemba 2023 Kentucky ilifungua milango ya kubeti michezo, tarehe 7 kwenye vituo, tarehe 28 kwenye simu. Msimu wa pili wa vipigo ukaanza na kila mmoja wenu ana programu mfukoni. Kuna kijana ninayemfahamu vizuri, baba yake anapakia vifurushi usiku kucha pale uwanja wa ndege, anarudi asubuhi mgongo umekakamaa. Kijana alipewa pesa ya kodi ya nyumba apeleke ofisini. Aliiweka kwenye mchezo mmoja, si hata juu ya ushindi, bali juu ya mchezaji mmoja kufikisha pointi kadhaa. Mchezaji akatolewa nje kwa madhambi. Mkeka ukachanika. Na yule aliyekula pesa ya baba yake, badala ya kwenda kumpigia baba magoti, alikaa gizani akimwandikia mchezaji kwamba anajua anakoishi.

Machi 2024 rais wa NCAA mwenyewe, Charlie Baker, aliyataka majimbo yakataze kubeti juu ya mchezaji mmoja mmoja wa vyuo, kwa sababu vijana wananyanyaswa na uadilifu wa mchezo unachezewa. Alisema hivyo kwa sababu anaona. Sisi je? Hapa Kentucky kijana haruhusiwi kununua bia hadi afike miaka 21, lakini kubeti kulipofunguliwa mwaka 2023 aliruhusiwa akiwa na 18. Bungeni watu wazima walikaa wakaona hilo ni sawa. Kwenye runinga tangazo la kubeti linafuatana na tangazo la dawa ya shinikizo la damu. Nasi viongozi wa makanisa, wa misikiti na wa vyama vya jumuiya tumehubiri juu ya nguo za wasichana na nywele za wavulana, juu ya kubeti tumenyamaza. Vijana wanabeti hadi ndani ya ibada, simu chini ya kiti, na wazee tunajifanya hatuoni. Serikali inachukua kodi yake, kampuni inachukua faida yake, na mama anayefanya kazi ya usafi hotelini anabaki anauliza pesa ya umeme ilikwenda wapi. Wazee wenzangu, hili ni letu pia. Lisemwe kwenye mikutano, lisemwe kwa majina yake.

Kijana wangu wa pesa ya kodi, unajijua. Baba yako hajakutupa. Mwambie ukweli kabla hajauambiwa na mwingine, kisha uifute hiyo programu mbele yake.

Mnasema, “Lakini Mzee, mbona alipokuja kocha mpya wakashinda?” Vizuri, tulitazame hilo. Pat Kelsey alikuja mwaka 2024, na msimu wake wa kwanza ulikuwa ushindi 27 na vipigo 8, ushindi 18 kati ya michezo 20 ya ligi ya ACC, wakafika fainali ya ligi wakafungwa na Duke. Ni kazi kubwa na ninampa heshima yake. Lakini alianza na timu karibu tupu, akaijaza watu wazima wa mchezo huu. Chucky Hepburn alikuwa amecheza miaka mitatu chuo cha Wisconsin kabla ya kufika hapa. Siku hizi mchezaji anahama chuo kwa urahisi, na tangu 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, kwa hiyo timu inaweza kujengwa upya ndani ya kiangazi kimoja kama wenye fedha wanataka. Hao wa 2022 hawakuwa wavivu. Walikuwa wachanga, wachache, na walifika wakati mbaya. Mkilijua hilo, ubishi wenu utakuwa wa watu wenye akili.

Sisi tuliotoka Kongo tuna sababu nyingine ya kulijua. Mtoto mkubwa kuliko wote wa mji huu, Muhammad Ali, alipokuja Kinshasa Oktoba 1974 alikuwa ameshafungwa na mabondia Frazier na Norton, na wenye hekima wa ndondi walisema mpinzani wake Foreman atamuumiza. Watu wa Kinshasa hawakungoja ashinde ndipo wamshangilie. Walimshangilia akiwa amejiegemeza kwenye kamba anapigwa raundi baada ya raundi, hadi ile ya nane. Mnapita kwenye uwanja wa ndege wenye jina lake. Basi kaeni hadi raundi ya nane.

Yaliyobaki nayataja tu. Msimzomee mchezaji wenu akiwa kwenye mstari wa mtupo huru. Msitoke dakika kumi kabla ya mwisho halafu mkasimulia mchezo msiouona. Msikose darasa wala zamu ya kazi kwa sababu ya mchezo. Msigombane na ndugu anayeshabikia wapinzani wetu wa Chuo Kikuu cha Kentucky hadi mkanyimana salamu, ninyi ni wa tumbo moja. Na kila aliyemwandikia kijana yeyote neno la kumtakia mabaya, atafute anwani ileile aandike la kuomba radhi. Wengi wamehamia vyuo vingine lakini simu zao ni zilezile. Usieleze sana, usijitetee. Mistari miwili inatosha, nami niko tayari kukaa nawe tuiandike pamoja.

La mwisho ni la dada zenu. Shule moja ya sekondari upande wetu wa kusini ina timu ya kikapu ya wasichana, na humo wamo mabinti wanne wa nyumba zetu. Baridi iliyopita walipoteza karibu michezo yote. Nilikwenda. Upande wa wenyeji tulikuwa mimi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mlinzi wa shule. Ninyi mnaojua kila takwimu ya Louisville hamjui binti wa jirani yenu anacheza nafasi gani. Yule mfupi anayeongoza mpira ana mkono wa kushoto wa ajabu, ila hana viatu vya maana, nasi wazee tumeanza kuchanga. Michezo yao huanza Desemba, jioni, na kiingilio hakizidi bei ya soda na chipsi. Ratiba ikitoka nitaibandika kwenye mlango wa duka la vyakula vya Kiafrika. Njooni na ngoma.

Ni mimi mzee wenu,
Louisville, Kentucky