Tume ikague bomba la dawa, siyo vyeti tu

Mhariri,

Uchunguzi wa tume ya serikali kuhusu shule za kilimo na mafunzo ya kazi kwa vijana wasiojiweza tunaupokea kwa mikono miwili. Tunachoomba ni wachunguzi wasiishie ofisini.

Wamkabidhi mwanafunzi bomba la mgongoni lenye maji matupu, wamwambie apime linatumia maji kiasi gani kwa eneo. Anayejua atalijaza hadi alama, atapima eneo la mita 10 kwa 10, atanyunyiza kwa mwendo wake wa kawaida, kisha atajazia maji kwa chombo chenye vipimo hadi alama ileile. Zikiingia lita 4, hekta moja itahitaji lita 400, na kwa kipimo cha hekta kilichoandikwa kwenye lebo, kiasi cha dawa kwa kila bomba kinapatikana hapo. Asiyejua hukisia kwa kifuniko cha chupa. Tena nozeli, yaani ncha ya kunyunyizia, ikilika, tundu hupanuka na dawa hutoka kupita kiasi. Majani yanaungua, kijana anaitwa mzembe kumbe hakufundishwa.

Waulize pia mavuno yanakwenda wapi. Kijana anayepalilia miezi 6 bila kushika daftari la gharama na mauzo hajafunzwa, ametumikishwa, na hilo linatuuma sana. Saa za mafunzo ziandikwe mbali na saa za uzalishaji.

Wahitimu nao wafuatiliwe baada ya miezi 6 na 12: nani ameajiriwa, nani analima, nani amekwama kwa kukosa ardhi. Fungu la kukodi shamba na kununua vifaa vya kuanzia litengwe kabla kozi haijaanza, siyo siku ya mahafali.

Wakufunzi wa kilimo