Dada, mwache apige honi

Dada yangu, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Juzi ulitangaza kwamba kuanzia sasa mwanao hanunuliwi kitu cha kuchezea kisichomfundisha jambo, ukanituma vile vibao vya herufi. Nikaleta. Uliona alivyovifanya? Alivipanga mstari mrefu kando ya ukuta, A nyuma ya M, M nyuma ya K iliyolala kifudifudi, akaanza kupiga honi kwa mdomo. Foleni ya magari. Herufi hazikumhusu hata kidogo.

Ukanuna. Lakini usimlaumu yeye, maana wachezaji wamewafanyia walimu wao hivyo hivyo tangu zamani.

Chukua Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutoza kodi ya pango, ambao wewe mwenyewe hukubali kushindwa. Ilianzia kwa Mmarekani mmoja, Lizzie Magie, aliyepata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1904 kwa mchezo alioupa jina The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi. Mama huyo alikuwa mfuasi wa Henry George, aliyetaka thamani ya ardhi itozwe kodi ili wachache wasinenepe kwa jasho la wengine. Alichotaka Magie ni mchezaji aone kwa macho yake jinsi mpangaji anavyokamuliwa. Akaweka hata kanuni za namna mbili: kwa namna moja, utajiri ukiongezeka kila mtu anapata chake, kwa namna ya pili, mmoja anawameza wenzake wote. Watu wakasikiliza somo, wakachagua kumeza. Mchezo ukasambaa mkono kwa mkono, kila nyumba ikijichorea ubao wake, hadi Charles Darrow alipoipelekea kampuni ya Parker Brothers toleo lake, na mwaka 1935 wakalinunua kama uvumbuzi wake mwenyewe. Darrow akatajirika. Magie, aliyetunga mchezo wa kuonya watu dhidi ya kunyonywa, alilipwa dola 500 kwa hataza yake, basi.

Nyoka na ngazi nayo ilikuwa mahubiri. Ilitoka India, na kila ngazi ilikuwa na jina la wema: imani, ukarimu, elimu. Nyoka walikuwa wizi, uongo, ulevi, kiburi. Kwenye mbao za kale nyoka walizidi ngazi kwa idadi, kwa kuwa kupanda ni kazi na kuteleza ni rahisi. Waingereza walipouchukua mwishoni mwa karne ya 19, nyoka wakapunguzwa wakalingana na ngazi, na baadaye majina yakafutika kabisa. Leo imebaki dadu. Sijawahi kuona mtu akitubu kwa sababu amemezwa na nyoka akiwa karibu kufika mia.

Sasa angalia upande wa pili, vitu ambavyo hakuna aliyevikusudia vimfundishe mtoto chochote. Kulikuwa na kampuni huko Cincinnati, Marekani, iliyotengeneza donge laini la kufutia masizi kwenye karatasi za ukutani, enzi ambazo nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Watu walipohamia gesi, masizi yakaisha, na donge likakosa kazi. Kampuni ilikuwa inazama. Kay Zufall, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyewapa watoto wake donge lile wafinyange mapambo, wakalikumbatia. Akamwambia shemeji yake, Joe McVicker, kuwa kampuni yao imekalia mali. Mwaka 1956 likaingia sokoni kwa jina la Play-Doh. Hebu fikiria: kifutio cha masizi kimefundisha vidole vya watoto kuliko vibao vyako vyote.

Au Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu kule Budapest, Hungaria. Mwaka 1974 alikuwa akihangaika na swali lake mwenyewe: vipande vinawezaje kuzunguka huku na huku bila kitu kizima kusambaratika? Akaunda mchemraba, akaupa kila upande rangi yake, akauzungusha mara chache, kisha akagundua hajui kuurudisha. Ilimchukua kama mwezi mzima. Aliyeutengeneza! Hapo ndipo ninapompenda.

Kuna jambo moja nakupa haki. Unaogopa matangazo, na huna kosa. Mwaka 1952 Mr. Potato Head alitangazwa kwenye televisheni ya Marekani, kichezeo cha kwanza kupata nafasi hiyo. Wakati huo boksi lilikuwa na vipande vya kuchomeka kwenye kiazi tu, kama macho, pua na masikio. Kiazi mlitafuta wenyewe jikoni. Ila ujanja haukuwa kwenye kiazi. Tangazo lilimruka mzazi, likamwambia mtoto moja kwa moja, na kazi ya kusumbua ikaachiwa yeye. Kwa hiyo zima televisheni, nitakuunga mkono. Ila na boksi lililoandikwa "hukuza akili" ni tangazo vilevile, dada. Tofauti ni kwamba hilo linamsumbua mama badala ya mtoto.

Jumamosi nakuja na mchemraba. Usimuulize anajifunza nini, tafadhali, hata akiutumia kama tofali.

Halafu, kama unaitafuta herufi K, usipindue makochi. Ninayo mimi. Nilipokuwa naaga alinishikisha mkononi, akasema hilo ndilo gari langu la kurudia nyumbani.