Pimeni kasi chumba cha ndani kabla ya kupokea pesa zetu

Kwako Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu siku ambazo marehemu mume wangu alikuwa akiliagiza kutoka Mombasa na kuletewa likiwa limechelewa siku mbili. Sijapata kukuandikia hata mara moja. Leo naandika kwa sababu ya ile makala yenu ya kuwashauri wasomaji namna ya kuchagua intaneti ya nyumbani. Utaikumbuka, ilikuwa na jedwali: bei upande huu, kasi upande ule, na chini yake ushauri kwamba mtu alinganishe kisha achukue kinachomfaa mfukoni. Mwandishi wenu akaishia hapo. Mimi nililinganisha vivyo hivyo mwaka jana, tena kwa makini, na ndiyo sababu nina hasira.

Naishi Mkomani, katika nyumba ya mawe na chokaa waliyoijenga wazee wa mume wangu. Asiyezijua nyumba za Lamu nimweleze, kwa maana shida yote imo humo. Chumba chetu hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari, kwa hiyo nyumba hukua kwa kuingia ndani. Ukitoka daka, yaani baraza ya mlangoni, unafika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, halafu ndani, na baina ya safu moja na nyingine pana ukuta wa jiwe wenye unene wa dhiraa nzima. Ukuta huo hutuhifadhi na joto la kaskazi. Ukuta huo huo humeza waifai.

Binti yangu husomesha Kiswahili. Wanafunzi wake wako Ujerumani na Marekani, naye huonana nao kwenye kompyuta akiwa chumba cha ndani, kwa sababu huko ndiko kwenye utulivu. Hulipwa kwa saa, na saa ikiharibika hakuna malipo. Ada ya shule ya mdogo wake hutoka humo.

Tulipochoka na bando za simu alikuja wakala wa kampuni moja, nisiyotaka kuitaja. Alisimama daka, akaangalia juu, akasema mnara wao unaonekana vizuri na sisi tutapata kasi ya hadi megabiti 20 kwa sekunde. Nikalipia ufungaji na mwezi wa kwanza. Fundi alifika siku ya pili, akafunga antena juu ya paa, akatoboa ukuta, akaweka ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, pembeni mwa kiwanda. Akapima kwa simu yake akiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikaonyesha 18. Akanionyesha, nikatia sahihi, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Usiku ule binti yangu aliingia ndani kusomesha na kasi ikawa moja na nusu. Sura ya mwanafunzi ikaganda, sauti ikakatikakatika, darasa likavunjika. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Wiki ile niliambiwa maneno hayo mara kumi na moja na watu kumi na mmoja tofauti, na kila mmoja aliniuliza upya jina langu, mtaa wangu na shida yangu. Binti yangu akahamia kiwanda, akawa anasomesha nje usiku, mbu wanamla, watoto wa jirani wanapiga kelele, punda wa mtaa analia katikati ya ngeli ya KI-VI. Mwanamke mmoja wa Ujerumani aliyekuwa naye miaka miwili alimwandikia kwa adabu kwamba atatafuta mwalimu mwengine. Binti yangu alinisomea barua ile kisha akafunga kompyuta. Kutoka hapo nikapiga simu nikataka msimamizi. Akaja kijana mwenye sauti nzuri, akasikiliza, akasema, "Mama, kwa kweli tatizo si letu, tatizo ni ukuta wenu." Nikamwambia, mwanangu, ukuta huu ulikuwapo siku wakala wenu aliposimama mbele yake, na ulikuwapo siku fundi wenu alipoutoboa. Mbona hakuna aliyeutaja kabla sijalipa? Akasema kasi waliyoniuzia ni ile inayofika kwenye ruta, si inayofika chumbani, na kwamba imeandikwa kwenye mkataba. Nikasema basi nivunje mkataba. Akasema ni wa miezi kumi na miwili, na nikiuvunja nilipe iliyobaki, kisha ruta niirejeshe mwenyewe afisini Mombasa. Yaani mjane apande mashua hadi Mokowe, kisha basi la siku nzima, kurejesha kisanduku kinachoingia kwenye mkoba.

Na dawa ilikuwa rahisi. Kijana wa mtaani alikuja na waya wa mita 25, akauvuta kutoka kwenye ruta hadi ndani, akaufunga kwenye kisanduku cha pili cha waifai. Saa moja ya kazi, shilingi 4,500 kwa vyote. Ndani kukawa na 14. Kampuni nzima, na wafanyakazi wake wote niliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliyenitajia waya.

Ila hata hiyo 14 ni ya asubuhi. Saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa umeingia, inashuka hadi 3, kwa sababu mnara ni mmoja na tunagawana. Hili nalo jedwali lenu halikusema. Halikusema maana ya neno "hadi", ambalo linamruhusu muuzaji kutoa chochote kutoka sufuri. Halikusema kwamba megabiti si megabaiti, kwamba biti nane ndizo baiti moja, hivyo megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Halikutaja kasi ya kupakia, na mwalimu anayetuma sura na sauti yake anaihitaji hiyo kama anavyohitaji ya kupakua. Kwetu iliyotangazwa ni ya kupakua peke yake. Halikuwaambia watu waulize kama kifurushi kisicho na kikomo kweli hakina kikomo, au kinapunguzwa kasi baada ya kiwango fulani. Darasa la video hula kama gigabaiti moja kwa saa. Mtu akisomesha saa tatu kwa siku, kifurushi cha gigabaiti 50 hakimfikishi mwisho wa mwezi.

Halikusema pia waulize kampuni ina njia ngapi za kutoka nje ya nchi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja upande wa kusini mwa Afrika, na Kenya nzima ikahisi. Kampuni yenye njia moja huanguka pamoja na njia hiyo.

Kuna watakaoniambia ninunue Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Najua. Setilaiti zake ziko karibu, kilomita 550 hivi, wala si zile za zamani za kilomita 36,000 ambazo ukisema neno unangoja lijibiwe. Jirani yangu anayo na anaisifu. Lakini dishi liko juu ya paa na kuta ziko palepale chini, kwa hiyo naye alihitaji waya kama mimi. Tena hewa yetu ni ya chumvi, na fundi wa kuja kulitazama likipata kutu sijamwona hapa kisiwani.

Na kwa kuwa nimetaja paa. Mafundi hawa wa kampuni zote wanapanda mapaa ya watu bila kupiga hodi kwa majirani. Ukiwa juu ya paa langu unaona viwanda vya nyumba tatu, na wanawake humo wako vichwa wazi, wanafua, wanaogesha watoto. Mjini kwetu mtu akipanda juu hata kukarabati makuti hutangulia kuita ili watu wajisitiri. Jambo hili halihitaji megabiti. Linahitaji sauti ya binadamu. Waya nazo zinaning'inia vichochoroni chini kiasi kwamba mchukuzi mwenye kitanda kichwani anainama, na punda mwenye shehena ya mawe amekwisha kuikata ya mtaa wa pili mara mbili. Mteja akihama, waya wake unabaki ukutani, wa pili unafungwa juu yake. Huu ni mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001! Tundu alilotoboa fundi wangu lilitokea ubavuni mwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, likadondosha chokaa ya ukubwa wa sinia, naye akaziba kwa saruji. Saruji haipatani na ukuta wa chokaa, hufungia unyevu ndani na ukuta huoza taratibu. Fundi wa chokaa amenidai shilingi 6,000 kuitoa ile saruji na kupaka upya. Nazo ziongezwe kwenye jedwali lenu, safu ya bei.

Ninachotaka ni hiki. Muuzaji yeyote wa intaneti ya nyumbani apime kwanza, apokee pesa baadaye. Apime chumba cha ndani kabisa, mlango ukiwa umefungwa, saa tatu usiku, kupakua na kupakia. Aandike namba hizo mbili kwenye karatasi, mwenye nyumba atie sahihi na yeye atie. Neno "hadi" lifutwe, liandikwe "si chini ya". Mwezi ambao kasi imeshuka chini ya nusu ya namba iliyoandikwa, asidai malipo. Awe na mtu hapa Lamu wa kupokea ruta ikirejeshwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi anachokinunua. Mimi ile habari ya ukuta sikupewa. Nimekwisha kuiandikia kampuni malalamiko, kwa kuwa utaratibu ni kuanza nayo kabla ya kwenda Mamlaka ya Mawasiliano, na nakala ninayo.

Mwandishi wenu akitaka kuandika tena juu ya jambo hili, avuke Mokowe aje. Chumba cha ndani nitamfungulia. Binti yangu ana darasa saa tatu usiku, Jumatatu hadi Alhamisi.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Mkomani, Lamu