Deni si langu, nilipe nini?

Mhariri,

Hapa jetini Lamu, mtu akiambiwa yuko CRB, yaani kampuni za kuweka rekodi za mikopo zimemwandika kuwa hakulipa deni, ushauri anaopewa ni mmoja tu: "Lipa, yaishe." Kama deni ni lako, sina neno. Kama si lako, hayaishi. Ukilipa umekiri, na kwa kanuni za Kenya habari ya mkopo ulioshindwa kulipwa hukaa kwenye faili yako miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Shemeji yangu alilipa Sh3,000 za mtu asiyemjua ili apate haraka cheti cha CRB cha kuonyesha hadaiwi. Cheti alikipata, lakini ripoti yake ingali inasema aliwahi kushindwa na deni.

Mimi nilikataa. Mwaka jana, kusi likielekea kutulia, niliomba mkopo wa injini ya mashua nipate kuiwahi kaskazi, msimu wetu wa kuvua. Karani akatazama kompyuta yake, akasema, "Mzee, uko CRB," akaita anayefuata. Deni la nani, la lini, la kiasi gani, hakunieleza.

Nikaenda saiba pale Langoni kuomba ripoti yangu ya CRB. Kila mtu ana haki ya kupewa ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na kampuni za CRB zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu, kwa hiyo omba zote, maana kosa huweza kuwa kwa moja lisiwe kwa nyingine. Ripoti yenyewe ni ya Kiingereza kitupu. Kijana wa saiba ndiye aliyenisomea. Mkopo wa simu wa Sh4,800, benki ambayo nina akaunti nayo kweli, nambari ya kitambulisho yangu. Jina la kwanza la mdaiwa na langu ni moja, lakini la babu si la babu yangu. Jina hapa si ushahidi, ukiita "Mohamed" kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, watageuka kumi. Kilichonifungua macho ni nambari ya simu. Sijawahi kuwa nayo. Nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, na hiyo haikuwemo. Hapo ndipo nilipojua pia kwa nini sikuiona ile ilani ya siku 30 ambayo mkopeshaji hupaswa kukupa kabla ya kukuingiza. Ilikwenda kwa mwenye simu.

Nikaandika barua moja, nakala tatu: moja kwa kampuni iliyotoa ripoti, moja kwa benki, moja yangu mwenyewe. Nikaambatisha kitambulisho na ule ukurasa wa ripoti, mstari wenye kosa nimeuzungushia kalamu nyekundu. Wengi huishia kwa kampuni ya CRB peke yake. Kampuni hiyo haikujui. Inaandika ilicholetewa, na ikipokea malalamiko humrudia aliyeleta kumwuliza. Benki ikikaa kimya, nawe utakaa.

Na kweli ilitaka kukaa kimya. Tawini niliambiwa hayo mambo si yao, niende Mombasa. Anayetoka Lamu anajua maana yake: boti hadi Mokowe, kisha basi na vizuizi vya polisi, siku nzima imekwenda, na kulala huko ni kwa gharama yako. Nikasema siendi. Nikamwomba karani apige muhuri na tarehe kwenye nakala yangu, akasita. Nilipomtajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kudai habari zake za uongo zirekebishwe, akaenda kumwita meneja. Muhuri ukapigwa. Bila ule muhuri nadhani hadi leo ningekuwa naambiwa barua yangu haikufika.

Mstari ulifutwa, nami nikaomba ripoti nyingine kuhakikisha kwa macho yangu. Lakini kaskazi ilikuwa imefika nusu, na wenzangu walikuwa wameshauza kamba wao.

Ninachowaomba mameneja wa matawi ya Lamu ni kidogo. Yapokeeni malalamiko haya kaunta, mpige muhuri, mtume wenyewe makao makuu. Mliponiingiza CRB hamkuniita Mombasa.

Mvuvi, Langoni, Lamu
(Jina limehifadhiwa)