Barua kwa wanangu wenye karakana na maduka Tabora

Wanangu,

Salaam kutoka Ng'ambo. Juzi kwenye kahawa mmoja wenu alilalamika: kamfundisha kijana kuchomelea, mwaka haujaisha, kijana kafuata ujenzi wa reli mpya ya SGR. Mkakubaliana palepale kwamba sasa hafundishwi mtu. Nilinyamaza, sikutaka kumuumbua mwenzenu hadharani.

Nimefanya kazi reli hadi kustaafu, enzi ambayo mtu aliajiriwa, akapewa nyumba, akazeekea humo. Enzi hiyo imepita. Lakini msidhani kuhamahama kazini kumeletwa na vijana wa simu. Hapahapa Tabora, karne ya 19, babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, kilo 30 hivi begani, nao waliajiriwa kwa safari. Wakifika, wakilipwa, wengi walirudi kulima mvua zikikaribia. (Hii posho mnayozozania kila asubuhi ndiyo kilikuwa chakula chao cha njiani.) Mnyampara, kiongozi wa msafara, hakumtaka mpagazi aape kubaki naye maisha. Alipanga mizigo kwa kujua safari inaishia wapi.

Nanyi mwulizeni kijana siku ya kwanza: hapa kwangu utafika mpaka wapi? Akisema miaka miwili, msimnyime kazi kwa kusema kweli. Mkimnyima, watakaobaki kuajiriwa ni waongo.

Mimi nililipia ujinga huu. Nilipofungua karakana, kijana wa kwanza nilimfagilisha miezi minane, nikiogopa kwamba akijua ataondoka. Akaondoka bila kujua, nami nimeshamlipa mishahara minane ya ufagio. Wa pili nikamfundisha yote, yeye peke yake. Huyo akaondoka na vipimo vya madirisha ya nyumba nzima kichwani. Mteja kasimama mlangoni, simu ya kijana haipatikani! Nilikwenda Isevya kupima upya dirisha kwa dirisha, na uzee wangu huu, mwenye nyumba akinitazama kama mwizi.

Tangu siku ile pana daftari mezani. Kila kazi inaandikwa: kipimo, unene wa bomba, aina ya vijiti vya kuchomelea, mteja alisema nini. Na hakuna kazi inayojulikana na mtu mmoja. Mafunzo nayo nimeyageuza. Zamani kijana alingoja mwaka ndipo ashike mashine. Sasa wiki ya kwanza anachomelea vyuma chakavu, mwezi wa pili anatengeneza geti dogo akisimamiwa. Akikaa miezi 18, mwaka mzima na zaidi amenizalishia.

Kuhusu kuagana, nasema kwa kifupi. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28, nanyi huzitumia kununiana. Mwekeni aandike anachokijua na amwelekeze anayebaki. Kisha mpeni cheti chake cha utumishi bila kumzungusha. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inawadai cheti hicho. Msikitoe kana kwamba ni zawadi.

Kijana wangu aliyetoka mwaka jana anajenga kwao Sikonge. Wiki iliyopita ameniagizia mageti mawili na madirisha saba. Vipimo kavituma kwenye simu, vimepangwa mstari kwa mstari kama daftari langu, hata unene wa bomba hakusahau. Bei nimempunguzia kidogo, ila si sana.

Anayetaka kuliona daftari aje kabla ya adhuhuri. Mchana nalala.

Mzee wenu,
Ng'ambo, Tabora