Asante mzee wa hadwea pale Mbagala

Jamani huyu mzee simjui hata jina ila nikinyamaza nitakuwa mchoyo. Fundi wa kwanza wa paa alikula advansi akapotea, nyumba iko wazi na masika hiyo inakuja, nikaenda hadwea kutafuta turubai tu. Mzee kanisikia nalalamika akasema mwanangu usimpe mtu hela kabla hujaona paa alilopiga, tukapanda bodaboda mpaka nyumba mbili alizoezeka fundi anayemjua, tukaongea na wenye nyumba. Bati nilitaka geji 30, ile nyembamba, maana bei nafuu, mzee akabonyeza kona kwa dole gumba ikajikunja, nikachukua 28 iliyo nene zaidi. Hela tukaandikiana na fundi, nusu kenchi (mbao za kubeba paa) zikisimama, nusu bati likiisha. Nauli akakataa! Juzi imenyesha usiku kucha, ndoo zangu kavu. Mzee wangu, njoo ule wali.